Sarafu ya Nora, Mbuzi wa Georgia: Fasihi ya Dunia Katika Darasa la Kiingereza



Nimeombwa nizungumzie fasihi ya dunia katika darasa la Kiingereza la shule ya upili. Nitaizungumzia kwa Kiswahili, na sababu yake nitaieleza mbele. Kwanza niliweke wazi lililonileta. Mwanafunzi wetu akipewa kitabu kilichotoka Norway, Ujerumani au Marekani, ana haki ya kukisoma kitabu chenyewe, chote, pamoja na pesa zake, vyakula vyake, sheria zake na tarehe zake. Siku hizi mara nyingi anachopata ni orodha ya maudhui: usaliti, tamaa, kujitolea, nafasi ya mwanamke katika jamii. Orodha hiyo inavifanya vitabu vyote vya dunia kuwa kitabu kimoja. Kama Norway inatufundisha kwamba uongo una madhara na Mexico inatufundisha kwamba tamaa ni mbaya, basi hatukuwa na haja ya kutoka hapa Kilifi. Methali za bibi zingetutosha, tena zingetugharimu kidogo.

Nianze na kitabu ambacho wengi katika ukumbi huu wamekisoma au wamekifundisha. *A Doll's House* ya Henrik Ibsen imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya mtihani wa KCSE katika miaka ya karibuni. Ilionyeshwa mara ya kwanza Copenhagen tarehe 21 Desemba 1879. Ibsen mwenyewe hakuwa akiishi kwao Norway; sehemu kubwa ya tamthilia hii aliiandika akiwa Amalfi, kusini mwa Italia.

Pazia linapofunguka, Nora anaingia nyumbani akiwa na mizigo ya Krismasi, na nyuma yake hamali amebeba mti. Nora anamuuliza ujira wake. Hamali anataja öre 50. Nora anampa krone nzima na kumwambia chenji abaki nayo. Krone moja ni öre 100, kwa hiyo bakshishi aliyompa ni sawa na ujira wenyewe. Mlango ukishafungwa anatoa mfukoni vitamutamu vya lozi, anakula kimoja viwili, kisha ananyata hadi mlango wa chumba cha mumewe kusikiliza kama yumo.

Hapo hata dakika mbili za jukwaani hazijapita, nasi tumeshajua mengi. Tumemjua mwanamke mwenye mkono mwepesi kwa hamali anayekula vitamu kwa kujificha. Tumejua kwamba pesa ndiyo itakayosema katika nyumba hii. Hakuna aliyetamka neno kuhusu ndoa.

Sasa tazameni jambo ambalo nimeliona kwa macho darasani. Vitabu vya wanafunzi havifanani. Mmoja ana toleo jipya, mwingine ana kilichoachwa na dada yake, wa tatu amechapisha kutoka intaneti tafsiri ya zamani ya Farquharson Sharp. Katika tafsiri hiyo hakuna krone wala öre. Mfasiri aliwaandikia Waingereza wa zama zake, akambadilishia Nora pesa: hamali anadai peni sita, anapewa shilingi. Mwanafunzi wetu anasoma shilingi na kuiona shilingi anayoijua yeye, ile isiyonunua hata peremende. Anajiuliza kwa nini mwandishi anatuonyesha mwanamke bahili hivi. Amelisoma onyesho kinyume kabisa, na kosa si lake. Hakuna aliyemwambia kwamba kitabu hiki kilitoka Norway kikapita London kabla ya kufika mikononi mwake, na kwamba kule London kilivuliwa nguo na kuvishwa nyingine.

Mwalimu anayetumia nusu kipindi kulinyoosha jambo hilo ataambiwa anapoteza wakati, kwamba mtihani hauulizi öre. Mimi nasema hapo ndipo somo la fasihi ya dunia linapoanzia. Mwanafunzi aliyekwisha kutambua kwamba pesa ya kitabuni ina nchi yake na wakati wake atakuwa macho pia akifika kwenye deni. Nora alikopa krone 4,800 ili ampeleke mumewe Italia akapate nafuu ya ugonjwa, na mumewe hajui kwamba pesa ile ilikuwa ya mkopo. Kitabuni kiasi hicho kinatajwa pia kwa pesa ya zamani, speciedaler 1,200, kwa maana Norway ilikuwa imehamia kwenye krone mwaka 1875 tu, na watu walikuwa bado wanahesabu kwa zote mbili. Wazazi wetu waliokuwa wakisema senti na shilingi huku babu zao wakitaja rupia wanaielewa hali hiyo bila maelezo.

Kisha inakuja hati ya deni. Krogstad, mwanasheria aliyempatia Nora mkopo, anamkalisha na kumuuliza maswali polepole. Baba yako alikuwa mgonjwa? Alikuwa. Alifariki muda mfupi baadaye? Ndiyo. Unaikumbuka tarehe? Nora anaitaja: 29 Septemba. Ndipo Krogstad anapoitoa karatasi. Saini ya baba, aliyewekwa kuwa mdhamini, ina tarehe 2 Oktoba.

Mahali hapo nisomeeni darasani kwa sauti, wanafunzi wawili wakiwa wamesimama, na msieleze kitu. Waacheni wenzao wahesabu vidole. Ishirini na tisa, thelathini, mosi, pili. Lazima atapatikana mmoja wa kupaza sauti: "Kwani marehemu aliandika?" Huyo ameshaingia ndani ya tamthilia, na ameingia mwenyewe. Mwongozo wa mtihani ungempa neno kughushi likiwa limekwisha kupikwa, angelikariri, lisingemsumbua.

Baada ya hapo swali la pili linakuja lenyewe: kwa nini Nora hakukopa tu kwa jina lake? Mtoto ambaye mama yake anakopa kwa simu, ana chama, na anaweka akiba kwenye Sacco, haoni kikwazo kiko wapi. Basi lazima aelezwe sheria. Katika Norway ya wakati ule, mke hakuweza kukopa bila idhini ya mumewe. Kristine, rafiki yake Nora, anamkumbusha hivyo kwenye onyesho la kwanza. Wanawake walioolewa kule walipata mamlaka juu ya mali yao kwa sheria ya 1888, miaka tisa baada ya tamthilia. Na kwetu? Hadi Bunge lilipopitisha Sheria ya Mali ya Wanandoa mwaka 2013, mahakama za Kenya ziliamua mivutano ya mali ya mume na mke kwa kutumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Elfu moja mia nane themanini na mbili! Sheria ya rika moja na Nora ilikuwa ikitumika katika korti zetu wakati baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa wameshazaliwa. Hilo hulipati kwenye orodha ya maudhui. Unalipata ukishaenda Norway kwa dhati, ukarudi.

Niongeze kwamba kisa chenyewe kilikuwa na mtu wake. Laura Kieler, mwandishi aliyekuwa na urafiki na Ibsen, alikopa kwa siri ili amtibie mumewe kifua kikuu, akakwama kulipa, akaghushi hati. Mumewe alipogundua alimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Ibsen alikijua kisa hiki, akakitumia. Kieler aliumizwa na jambo hilo maisha yake yote. Wanafunzi wakiambiwa hivi wanagawanyika: Ibsen alikuwa na haki? Wanalijadili swali hilo vikali kuliko lile la iwapo Nora alifanya vyema kuondoka, ambalo tumewauliza mara nyingi hadi limekufa. Mimi hupendelea kuwauliza Nora atalala wapi usiku ule. Jibu limo kitabuni, kurasa chache kabla ya mwisho: kwa Kristine usiku huo, na kesho yake arudi alikozaliwa. Wengi hawajaliona, kwa sababu mwongozo unaishia kwenye mlango kufungwa.

Sisemi haya kuwalaumu walimu. Kipindi ni dakika 40. Darasa lina wanafunzi wengi kuliko madawati. Katika mtaala wa KCSE, Kiingereza na fasihi vimeunganishwa kuwa somo moja, kwa hiyo mwalimu yuleyule anayefundisha vihusishi na barua rasmi ndiye anayetakiwa ammalize Ibsen kabla ya mtihani wa mwigo. Kwenye karatasi ya pili kuna dondoo, kwenye ya tatu kuna insha, na mwanafunzi anajua kwamba hoja zenye mifano ndizo zinazopewa alama. Mwongozo unauzwa kwenye kila duka la vitabu na mzazi anaununua kwa nia njema kabisa, wakati mwingine kabla ya kununua tamthilia yenyewe. Nimewafundisha watoto werevu waliofika kidato cha nne wakiwa na miongozo miwili ya kitabu wasichokuwa nacho.

Lakini tukumbuke dunia iliingiaje katika darasa hili, maana haikuingia kwa bahati. Kabla ya uhuru, darasa la Kiingereza lilikuwa darasa la Uingereza. Katika shule ya Alliance, wakati mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o akisoma pale miaka ya 1950, kila mwaka iliigizwa tamthilia ya Shakespeare. Tarehe 24 Oktoba 1968, wahadhiri watatu wa Nairobi, yaani Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ya chuo ivunjwe na mahali pake pawe na idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Waraka huo umesemwa vibaya sana. Kuna wanaodhani ulitaka tuvifunge vitabu vya nje. Haukutaka hivyo. Ulitaka tuanzie tulipo, Kenya, Afrika Mashariki, Afrika, kisha tuzitazame fasihi nyingine kutokea hapo. Na ndani yake Kiswahili kilipewa nafasi. Mwaka 1974 walimu wa shule za upili walikutana Nairobi School kulijadili jambo hilohilo kwa ngazi yao. Vitabu teule vya baadaye, ambamo Margaret Ogola anakaa karibu na Steinbeck, na Ole Kulet karibu na Ibsen, ni matunda ya mabishano yale.

Ngũgĩ ametutoka Mei 2025. Nadhani njia moja ya kumheshimu ni kukamilisha nusu ya pili ya hoja yake. Nusu ya kwanza tumeifanya kiasi: Afrika iko darasani. Nusu ya pili ni kuvisoma vitabu vya wengine tukiwa tumesimama hapa, kwa macho yetu, bila kuomba ruhusa. Hiyo bado.

Acheni niwaonyeshe ninavyomaanisha kwa kitabu ambacho, kama ningeambiwa nichague kimoja, ndicho ningekichagua kwa shule za Pwani.

*The Caucasian Chalk Circle* ya Bertolt Brecht ilikuwa tamthilia ya lazima ya KCSE kwa miaka kadhaa kabla ya Ibsen. Safari yake tu ni somo. Kisa cha duara la chaki kilikuwa tamthilia ya Wachina wa enzi ya Yuan. Kikafika Ujerumani, ambako mshairi Klabund alikitungia tamthilia mwaka 1925. Brecht alikikuta huko. Wanazi walipotwaa madaraka alikimbia, akahama nchi hata nchi, na mwaka 1944, akiwa California, akaandika tamthilia kwa Kijerumani, mandhari yake Georgia ya Kisovieti. Onyesho la kwanza kabisa halikuwa la Kijerumani. Lilikuwa la Kiingereza, tafsiri ya Eric Bentley, mwaka 1948, katika Carleton College, Minnesota, na waigizaji walikuwa wanafunzi. Nawaomba walimu wawaambie watoto jambo hili. Tamthilia hii ilizaliwa jukwaani mikononi mwa wanafunzi waliokuwa wakiisema kwa lugha isiyo ya mwandishi. Wanafunzi wetu wanapoiigiza kwenye ukumbi wa maakuli wanaendelea na kazi iliyoanzwa na wenzao.

Kisa wengi mnakijua. Vita vimezuka, gavana ameuawa, mkewe anakimbia. Anashughulika sana kuchagua magauni ya kubeba hata anamwacha mtoto. Grusha, mtumishi wa jikoni, anamchukua, anavuka naye milima, anamlea. Vita vikiisha mama mzazi anarudi kumdai. Jaji Azdak anaagiza duara lichorwe kwa chaki na mtoto awekwe katikati, kisha anawaambia wanawake wamvute kila mmoja upande wake. Grusha anamwachilia. Mara ya pili anamwachilia tena, kwa kuogopa kumrarua. Azdak anampa Grusha mtoto.

Darasani kwetu, kabla sijamaliza kusimulia, nusu ya wanafunzi wanasema wanakijua kisa hiki. Wakristo wanakijua kutoka Wafalme wa Kwanza, sura ya tatu. Waislamu wamekisikia chuoni, katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira: wanawake wawili, mbwamwitu akamchukua mtoto wa mmoja, wakamgombea aliyebaki. Nabii Daud akamhukumia mkubwa, na Nabii Suleiman akaagiza kisu, mdogo akasema asimkate, ni wake yule. Hapo mwalimu asikimbilie kusema "kumbe tunafanana". Awaulize ni nani aliyepewa mtoto katika kila kisa. Katika Biblia, mama mzazi. Katika hadithi, mama mzazi. Katika tamthilia ya Kichina, mama mzazi. Katika Brecht peke yake, mama mzazi ananyimwa.

Sasa kuna la kujadili. Brecht alikigeuza kisa ambacho nusu ya dunia ilikuwa imekihifadhi kwa namna moja, naye alijua anachofanya. Watoto waliolelewa na shangazi, na nyanya, na mama wa kambo, nao ni wengi katika madarasa yetu, wana mengi ya kusema hapa, na si wote wanasema upande mmoja. Wapo wanaomtetea Grusha kwa nguvu zote. Wapo wanaosema damu haioshwi kwa chaki. Aliyekisoma kitabu kwa makini atawakumbusha wote kwamba wakili wa mke wa gavana alijisahau akaropoka mbele ya korti kuhusu mali: mirathi yote imefungwa kwa mtoto yule, bila yeye mama hapati kitu. Mstari huo mmoja wa wakili una uzito kuliko kurasa kumi za sifa za wahusika.

Na bado sijafika kwenye utangulizi wa tamthilia, ambao miongozo inaupitia haraka na walimu wengi wanauruka. Katika utangulizi, vijiji viwili vya ushirika vinagombea bonde baada ya vita. Wafugaji wa mbuzi ndio waliokuwa wakiishi pale. Vita vilipokuja walihamishwa na mifugo yao. Wakulima wa matunda wa jirani walibaki wakipigana, na wamechora mpango wa kunyunyizia bonde maji na kupanda miti. Mzee wa wafugaji analeta jibini, wote waionje, iwe ushahidi kwamba nyasi za walikohamishiwa hazifikii zile za bonde lao. Mwisho bonde linapewa wakulima wa matunda, na kisa cha Grusha kinaigizwa kuwaburudisha wote. Hoja inayojengwa ni moja: mtoto apewe mwenye kumlea vyema, na ardhi apewe mwenye kuitunza vyema.

Someni hoja hiyo Kilifi. Isomeni Lamu, isomeni Tana River. Darasani ameketi mtoto wa skwota ambaye babu yake alizikwa kwenye shamba lisilo lake kwa karatasi. Pembeni yake yupo mtoto wa familia yenye hati tangu sheria ya 1908, ile iliyowataka watu wa ukanda wa maili kumi waandikishe madai yao na ambayo iliwaacha Wamijikenda wengi mikono mitupu. Nyuma yao yupo mtoto ambaye wazazi wake walikuja kutoka bara kwenye mpango wa makazi. Ardhi apewe mwenye kuitunza! Mtoto wa skwota anaisikia kama ukombozi: sisi ndio tuliopanda minazi hii na mikorosho hii, mwenye hati hatujawahi kumwona.

Kisha mwalimu afungue historia. Hoja hiyohiyo, kwamba ardhi iende kwa atakayeiendeleza, ndiyo waliyoitumia walowezi. Sheria za Ardhi za Taji za 1902 na 1915 zilisimama juu ya dhana kwamba malisho ya wafugaji yalikuwa ardhi tupu inayomngoja mwenye plau. Mzee wa mbuzi na jibini yake anageuka ghafla kuwa Mmaasai wa Laikipia. Je, Brecht alikosea? Au hoja yake ni njema pale tu pande mbili zinapokaa pamoja kwa hiari, kama vijiji vyake vya ushirika, na ni wizi pale upande mmoja una bunduki? Mimi sina jibu la kuwapa wanafunzi, wala sitaki mtihani ulitoe. Ninachojua ni kwamba mabishano hayo, yakifanywa moja kwa moja juu ya shamba la fulani na ukoo wa fulani, yanaweza kuvunja darasa. Yakifanywa juu ya bonde la Georgia na mbuzi wa watu tusiowajua, yanawezekana. Watoto wanasikilizana. Umbali wa kitabu unawapa nafasi ya kufikiri kabla ya kukasirika. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka fasihi ya dunia itufanyie, na haiwezi kuifanya ikiwa mbuzi wameondolewa na kilichobaki ni neno haki.

Kwa *The Pearl* ya Steinbeck nitasema kidogo. Ni kitabu chembamba, cha mwaka 1947, na kinapendwa. Onyesho la wanunuzi wa lulu linaeleweka mara moja na mtoto wa mvuvi au wa mwenye korosho: Kino, mzamia lulu wa Mexico, anajua lulu yake ina thamani ya pesa nyingi, anaitaja peso 50,000, mnunuzi wa kwanza anamwambia 1,000, na wote wanaojifanya washindani wana tajiri mmoja nyuma yao. Lakini tuwafundishe wanafunzi kuuliza nani anasimulia. Steinbeck alikuwa Mmarekani aliyekisikia kisa hiki akiwa safarini katika Ghuba ya California mwaka 1940. Kino anazungumza maneno machache sana katika kitabu kinachomhusu. Sisi tuliosimuliwa na wageni kwa muda mrefu tunapaswa kuwa wa kwanza kulitambua jambo hilo tunapolisoma kuhusu watu wengine. Mwalimu mwenye nafasi awasomee kurasa chache za Juan Rulfo, Mmexico aliyechapisha *Pedro Páramo* mwaka 1955, watoto wasikie watu wa Mexico wakizungumza kwa kinywa cha mtu wao.

Sasa ile sababu ya kuzungumza Kiswahili. Ibsen aliandika Kinorwe, Brecht Kijerumani, Rulfo Kihispania, Mariama Bâ Kifaransa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeandika Kiingereza. Katika darasa la fasihi ya dunia, Kiingereza nacho ni mgeni aliyekuja kukalimani. Ikiwa hivyo, kwa nini mwanafunzi azuiwe kulijadili duara la chaki kwa Kiswahili, au kwa Kigiriama, kabla hajaiandika insha yake kwa Kiingereza? Insha itaandikwa kwa Kiingereza, sawa, mtihani ni wa Kiingereza. Lakini nimesikia mara nyingi mtoto akianza kutoa hoja nzuri kuhusu Azdak, akakwama kwenye sarufi, akakaa chini na hoja yake. Mwalimu angemwambia "sema kwa Kiswahili", darasa lingepata hoja na yeye angepata ujasiri wa kuitafutia Kiingereza.

Tena tuna urithi wa kufanya hivyo. Mwalimu Nyerere alimfasiri Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, na ya pili aliitoa mwaka 1969 akiwa rais wa Tanzania. Samuel Mushi alifasiri *Makbeth*, na Sophocles pia. Christon Mwakasaka alimleta Gogol kwa Kiswahili katika *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*. Clement Maganga alimfasiri Mariama Bâ, *Barua Ndefu Kama Hii*. Na Ida Hadjivayanis ametupatia *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutuzwa Nobel. Kitabu cha mtu wa Unguja kilichoandikwa kwa Kiingereza huko Uingereza sasa kimerudi kwenye lugha ambayo wahusika wake walikuwa wakiizungumza. Nani kati yetu amewahi kuliweka onyesho moja la Gogol kwa Kiingereza na kwa Kiswahili ubaoni, upande kwa upande, akawaacha wanafunzi waamue meya yupi anaogopa zaidi? Kazi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji vitabu viwili na mwalimu wa Kiswahili wa chumba cha jirani.

Nimalizie kwa wanaoandaa mtaala na mitihani, maana najua baadhi yenu mpo. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia shule ya upili ya juu mwaka 2026. Fasihi ya Kiingereza sasa imeorodheshwa kama somo la kuchaguliwa katika njia ya sayansi za jamii, sambamba na Fasihi ya Kiswahili. Kwa atakayeichagua nafasi imepanuka, na hilo nalishukuru. Hofu yangu ni kwa atakayekwenda njia ya sayansi, atakayekuwa daktari, mhandisi wa maji, afisa wa ardhi. Huyo naye anamhitaji Azdak. Naomba Kiingereza cha lazima kwa wote kibebe angalau tamthilia moja nzima ya kutoka nje ya Afrika, isomwe kwa sauti darasani kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na mfasiri wake atajwe. Naomba mtihani uweke swali moja ambalo haliwezi kujibiwa na aliyesoma mwongozo peke yake: kwa nini mzee alileta jibini, kwa mfano. Na wazazi, kitabu chenyewe kwanza. Kama pesa zinatosha kimoja tu, nunueni tamthilia.